Kimya cha Daftari

Katika kisiwa cha Chole, mkabala na Utende huko Mafia, magofu ya boma la Wajerumani yameshikwa na mizizi ya miti. Hapo ndipo palipokuwa makao ya utawala wao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Tangu 1890, utawala wa Wajerumani ulipoanza kisiwani, hadi hapo ni robo karne, muda unaotosha kuzaliwa watoto na kufa siri za wazazi wao. Tuseme kitukuu amesikia nyumbani kwao, kwa bibi yake, kwamba babu mmoja alikuwa Mjerumani, akaenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mafaili ya enzi hiyo yapo, lakini ukoo wake haumo. Je, kutoandikwa kunathibitisha nini? Nadai kwamba kunatuonyesha aliyeshika kalamu. Juu ya yule asiyeandikwa hakuthibitishi lolote.

Wajerumani hawakushindwa kuandika. Kwao kuna vitabu vya makanisa vya karne nyingi, na tangu 1876 dola yao yote ilisajili uzazi, ndoa na vifo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, alimwoa Bertha Hilske mwaka 1904. Walipofika Dar es Salaam mwaka uliofuata, watawala walikataa kuwapokea pamoja, nao wakarudi Ulaya. Ndoa iliyotambuliwa Berlin haikuvumiliwa pwani. Mwaka 1906 koloni likazuia kabisa ndoa za namna hiyo. Kumbe pengo la daftari nalo lilitungwa, kama maandishi yenyewe yalivyotungwa.

Atatokea wa kupinga: bila karatasi, kila mtu atajichagulia babu, na pwani yetu inazijua nasaba zilizopambwa ili kupata heshima. Hoja hii ni nzito, na dawa yake ni kupima kila dai kwa mizani yake. Simulizi la nyumbani libaki simulizi, dhana ibaki dhana. Ushahidi mwingine nao huja kwa njia isiyotarajiwa: mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha mafuvu yaliyochukuliwa zama za ukoloni na jamaa walio hai Tanzania. Waliohifadhiwa kama vitu wakapata tena watu wao. Mwingine atasema nasaba hufuata ndoa, hivyo Mjerumani asiyeoa si babu wa mtu. Kwa urithi na jina la ukoo, sawa. Lakini kujua ukweli si kudai mirathi, na hukumu ya nani arithi haifuti tukio la nani alizaa. Mkataa kwao mtumwa, husema wahenga. Basi aliyekataliwa kwao tumwite nani?

Hapa ndipo kazi ya mhudumu wa maktaba ya nasaba inapokuwa kazi ya haki. Anayemjibu mtafutaji “hayupo” amehukumu. Anayemjibu “hakuandikwa, na sababu yake ni hii” ameshuhudia. Jibu la pili halimpi kitukuu jina alilolifuata, wala halimruhusu kulibuni. Linamwondolea shaka moja tu, kwamba huenda bibi yake alisema uongo kwa kuwa daftari lilinyamaza. Kwa mtu aliyerithi neno la bibi peke yake, hilo si jambo dogo.