Jeraha la Ahithofeli na Maneno ya Siba

Soma kwa ajili ya somo hili: Zaburi 55:12-14, 2 Samweli 15:12, 31, 2 Samweli 16:1-4, 2 Samweli 19:24-30, 2 Timotheo 4:14-17.

Tarehe 23 Oktoba 1871 mzee wa miaka 58, mgonjwa na mwenye miguu iliyochoka, aliingia Ujiji akitokea Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Miezi mitatu kabla, David Livingstone alikuwa ameshuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, naye hakutaka tena kukaa kule. Njia nzima alijitia moyo kwa jambo moja: Ujiji kulikuwa na mali yake. Vitambaa na shanga vilikuwa vimetumwa kutoka Unguja, vikapandishwa kutoka pwani na kupita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, mpaka ziwani. Katika njia ile ya misafara vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha. Kwa hivyo mtu alinunua chakula, alitoa hongo kwa watemi ili apite, na alilipa wapagazi. Asiye navyo hakuweza kwenda mbele, wala hakuweza kurudi pwani.

Mali hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwa mtu aitwaye Sherif. Livingstone alipofika hakukuta kitu. Sherif alikuwa ameuza vyote, yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga, akajinunulia pembe za ndovu na watumwa. Alijitetea kwamba alipiga ramli akaonyeshwa kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Alikuwa amemwandikia hata liwali wa Unyanyembe, akitaka ruhusa ya kuuza kidogo kilichosalia. Kumbe watu waliomwona Livingstone akiwa hai walikuwapo, na Sherif alijua.

Lililomchoma zaidi lilikuja baadaye. Sherif alikwenda kumsalimia, akanyoosha mkono kama kawaida. Aliponyimwa mkono alinuna, kana kwamba ndiye aliyetendewa vibaya. Akaendelea kuja na salamu zake mara mbili kwa siku, mpaka Livingstone alipomwambia waziwazi kwamba hazitaki.

Je, mtu wa Mungu alitenda dhambi kwa kuukataa mkono ule? Darasa lisiharakishe kujibu. Wapo waumini wanaodhani kusamehe ni kujifanya kwamba hakuna kilichotokea, nao humlazimisha aliyeibiwa acheke na aliyemwibia kabla hata neno la toba halijatamkwa. Paulo hakufanya hivyo. Alimtaja Iskanda mfua shaba kwa jina, akasema alitendewa mabaya mengi, akamwachia Bwana malipo, kisha akamwonya Timotheo ajihadhari naye (2 Timotheo 4:14, 15). Kumwachia Bwana kisasi na kumkabidhi mtu tena funguo za ghala ni mambo mawili.

Katika kumbukumbu zake za siku zile, Livingstone alijilinganisha na yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Aliona kwamba yeye hata Msamaria hakuweza kumtumaini. Lakini mtu alikuja. Mfanyabiashara Mwarabu wa palepale Ujiji, Syed bin Majid, alisubiri wakae faraghani, kisha akamwambia kwamba hana vitambaa, ila ana pembe za ndovu. Amruhusu auze baadhi, ampe yeye bidhaa. Livingstone alishukuru, akaomba asubiri kwanza. Siku chache baadaye akafika Henry Morton Stanley na msafara wake. Stanley ndiye anayejulikana na kila mwanafunzi wa historia, lakini ni vyema Syed bin Majid naye akumbukwe. Aliyesalitiwa na mmoja alikuwa amezungukwa na wengine wasiomsaliti, ila uchungu ulifanya iwe vigumu kuwaona.

Daudi aliyajua maumivu hayo. Katika Zaburi 55:12-14 anasema kwamba adui angemvumilia, na mwenye kumchukia angejificha asimwone. Aliyemwumiza ni mtu wa daraja lake, mwenzake na msiri wake, waliyekwenda pamoja nyumbani kwa Mungu. Wengi husoma humo habari za Ahithofeli, mshauri wa mfalme, aliyejiunga na Absalomu wakati wa maasi. Daudi alipopewa habari hiyo alikuwa akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, analia. Aliomba sala fupi tu: shauri la Ahithofeli ligeuzwe kuwa upumbavu (2 Samweli 15:31). Ni sala njema. Haikuomba Ahithofeli afe, iliomba ubaya wake usifaulu.

Wasomaji wengi huishia hapo. Endelea na sura inayofuata. Daudi alipopita kidogo kilele cha mlima huohuo alikutana na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi, akiwa na punda wawili, mikate, matunda na divai. Mfalme aliyekimbia na njaa aliletewa chakula. Pamoja na chakula akaletewa neno: Mefiboshethi, yule kilema uliyemlisha mezani pako, amebaki Yerusalemu akitumaini kuupata ufalme wa babu yake. Daudi hakuuliza shahidi wala hakusubiri. Papo hapo akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi. Moyo uliotoka kuchomwa na Ahithofeli haukuona ajabu kusikia kwamba na mwingine amesaliti. Uliona ni jambo la kutazamiwa.

Baadaye, mfalme aliporudi, Mefiboshethi alishuka kumlaki. Hakuwa ameosha miguu, wala kukata ndevu, wala kufua nguo zake tangu siku Daudi alipoondoka. Alikuwa akimlilia.

Jambo kama hilo lilitokea katika njia ya Tabora. Huko Unguja aliyekuwa kaimu balozi wa Uingereza ni Dakta John Kirk. Hakuwa mgeni kwa Livingstone. Walikuwa pamoja katika safari ya mto Zambezi kuanzia 1858, wakala njaa pamoja na kuugua homa pamoja. Ni Kirk aliyehusika kutuma misaada bara, na aliitegemea mikono ya mawakala. Msafara mmoja ulikaa Bagamoyo miezi kadhaa bila kuondoka, na hapo Kirk alistahili kuulizwa. Stanley alifika Ujiji na dawa, vitambaa na chakula, vitu vya kweli vilivyookoa maisha. Alifika pia na maneno kuhusu Kirk. Si lazima kumwita mwongo; huenda aliamini kila alilosema. Lakini maneno yake yalimkuta mtu ambaye jeraha la Sherif lilikuwa bado bichi.

Tarehe 18 Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mahali ambapo tembe lile linatunzwa hata leo. Stanley aliondoka mwezi uliofuata akibeba barua, na ndani yake mlikuwa na lawama kali juu ya Kirk na mawakala wake. Livingstone alibaki Kwihara mpaka tarehe 25 Agosti, akisubiri wapagazi. Ni zaidi ya miezi mitano ya kukaa na mawazo, bila rafiki wa zamani wa kumuuliza, "Je, umemsikia na yeye?" Stanley alipofika Ulaya alimshambulia Kirk hadharani. Serikali ya Uingereza haikumtia Kirk hatiani.

Hali hii haijaisha Tabora wala kwingineko. Mkulima wa tumbaku amemdhamini mwenzake wa kwaya kwa mkopo, mwenzake akahama usiku. Juma linalofuata mke wake akichelewa kurudi kutoka sokoni anahojiwa kama mshitakiwa. Mtunza hazina wa kanisa akikosea hesabu kwa shilingi elfu mbili, jina lake linasambaa mpaka Urambo. Kisha anakuja ndugu mwenye sufuria ya chakula cha faraja, na akiisha kuketi anaanza: "Na wewe unadhani ni yule peke yake?" Chakula kipokelewe kwa shukrani. Neno lipelekwe kwanza kwa mwenyewe anayetajwa, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15. Daudi alipomwuliza Mefiboshethi kwa kinywa chake ilikuwa ni katika 2 Samweli 19:25, baada ya vita kwisha na shamba kuwa limegawiwa. Hata hapo alirudisha nusu tu.

Bwana Yesu alikaa mezani na Yuda akijua. Aliosha miguu yote ishirini na minne. Usiku uleule aliwaambia wale kumi na mmoja kwamba hawaiti tena watumwa, bali rafiki (Yohana 15:15). Usaliti wa mmoja haukumfanya aondoe neno hilo kwa waliobaki, ingawa alijua kwamba kabla ya asubuhi wangekimbia.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo mapema Mei 1873. Kwa miaka mingi alikuwa amepaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa. Mwezi Juni mwaka huohuo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Aliyekuwa akijadiliana naye upande wa Uingereza alikuwa John Kirk. Livingstone hakuipata habari hiyo. Watumishi wake waliubeba mwili wake kwa miguu, wakapita nao Unyanyembe mpaka pwani, na tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa Westminster Abbey, London. Miongoni mwa wanane walioteuliwa kulisindikiza jeneza ubavuni alikuwamo Jacob Wainwright, mmoja wa Waafrika walioubeba mwili ule kutoka bara. Alikuwamo Stanley. Alikuwamo pia Kirk.