Mimi Namchagua Kawawa

Kila inapofika Oktoba 14, Siku ya Mwalimu Nyerere, huku Kibingo, Kyerwa, mkoani Kagera, kama kwingine Tanzania, redio hurudisha sauti ya Mwalimu na mazungumzo ya kijiweni hugeukia waasisi. Huzuka swali lile lile: kati ya walioongoza nchi kuingia kwenye uhuru, wako ni nani? Jibu huwa limeiva hata kabla swali halijamalizika. Nyerere. Sina ugomvi na jibu hilo. Ila naona wengi wetu hatukumchagua Mwalimu. Tulimkuta ameshachaguliwa, kama tulivyoikuta migomba ya babu shambani.

Wapo wachache wenye jibu la nyumbani. Hao hukutajia Sir George Kahama, na hoja wanayo. Kabla hajawa waziri, Kahama alikuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Bukoba. Mwaka 1959, Gavana Turnbull alipowaingiza serikalini mawaziri watano waliotokana na uchaguzi, Kahama alikuwemo pamoja na Chifu Fundikira, Amir Jamal, Derek Bryceson na Solomon Eliufoo. Uhuru ulipofika alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Miaka arobaini baadaye, akiwa mbunge wa Karagwe, alikuwa Waziri wa Ushirika na Masoko katika serikali ya Rais Mkapa. Alianza na ushirika akamalizia na ushirika, na hilo si dogo kwa watu ambao ada za watoto wao zinaning'inia kwenye mibuni. Lakini nikimchagua Kahama nitakuwa nimechagua mtu wa kwetu kwa sababu ni wa kwetu. Siku moja hoja hiyo hiyo itanifanya nimpigie kura mtu asiyefaa.

Bibi Titi Mohamed ananigusa sana. Alizunguka nchi kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Najijua, hata hivyo: mapenzi yangu kwake yamechanganyika na huruma, na huruma si kipimo cha uongozi. Karume nawaachia Wazanzibari, wao ndio walioishi chini yake.

Mimi namchagua Rashidi Mfaume Kawawa. Ni mtu wa Songea, upande wa pili kabisa wa nchi, na huku Kyerwa hana shangazi wala mjomba. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955, na kabla ya hapo aliwahi hata kuigiza filamu za Kiswahili. Lakini simpendei hayo. Nampendea namna alivyokuwa akiachia kiti.

Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU mikoani. Kawawa akakabidhiwa serikali nzima. Fikiria nafasi hiyo: nchi changa, bosi yuko safarini, mihuri yote iko mezani kwako. Desemba 9 mwaka huo nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akarudi akiwa Rais, na Kawawa akakaa pembeni kama Makamu wa Rais. Ukaja Muungano mwaka 1964. Karume akawa Makamu wa Kwanza, Kawawa akasogezwa kuwa wa Pili. Mwaka 1972 akarudishiwa uwaziri mkuu. Mwaka 1977 ukaenda kwa Sokoine, kijana kwake, na Kawawa akapewa Wizara ya Ulinzi. Hakuunda kundi wala hakukimbilia ng'ambo. Alihamia ofisi aliyopangiwa, akaendelea na kazi.

Sisi tunaoishi kando ya Mto Kagera tuna sababu ya kuliona hilo kuliko wengine. Uganda iko pale ng'ambo. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Obote na Rais, Kabaka Mutesa wa Buganda, walishindwa kuenea katika dola moja, jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka, Mutesa akafia uhamishoni Uingereza. Miaka mitano baada ya uvamizi huo Idi Amin akampindua Obote, na Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia mkoani kwetu. Waziri wa Ulinzi wa Tanzania wakati huo alikuwa nani? Huyo huyo Kawawa aliyekuwa ameshushwa cheo mwaka mmoja nyuma.

Wanaompinga husema alikuwa mtu wa ndiyo mzee tu. Kuna ukweli wenye uchungu hapo. Mwaka 1962, kiongozi huyo wa wafanyakazi ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu zilipopitishwa sheria ya kubana migomo na ile ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kwa mkulima wa kahawa hilo lilikuwa pigo. Hadi leo mkulima aliyebanwa anauza kwa butura, kahawa ikiwa bado changa mtini, kwa bei ya anayemjua kuwa ana shida. Ushirika ulianzishwa ili asifike huko. Siwezi kumtetea Kawawa kwa hayo, na sitaki kuyabebesha mabega yake peke yake huku Mwalimu akibaki na sifa za shule na umoja.

Namchagua pamoja na madoa yake. Tunasifu kung'atuka kwa Nyerere mwaka 1985, na ni haki. Kawawa alikuwa amefanya la namna hiyo mwaka 1962, bila hotuba za kuagwa, na akarudia kila alipoambiwa asogee. Katika siasa zetu, ambapo hata uenyekiti wa kitongoji mtu huung'ang'ania, sioni sifa iliyo adimu kuliko hiyo. Alifariki Desemba 31, 2009, na siku yake hatuiadhimishi.

Kama wako ni mwingine, mtaje, tutabishana kwa amani. Ila unapomtaja niambie pia: alipotakiwa kuachia kiti, alifanyaje?