Je, Mbwa Mgonjwa Anatudai Nini?

Tuseme kwamba katika nyumba moja ya Sekei, pale mji wa Arusha unapoanza kuupanda Mlima Meru, mbwa asiyetimiza hata mwaka mmoja ameanza kukonda. Anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara, chakula anakinusa na kukiacha. Daktari wa mifugo anampima damu na mkojo, kisha anasema kuwa figo zimeharibika vibaya wala hazitapona. Watoto wanalia. Jirani anacheka: "Mbwa ni mbwa tu. Mtupeni, mtafute mwingine." Je, jirani huyo asema kweli? Swali laonekana dogo, lakini jibu lake laonyesha sisi ni watu wa namna gani.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kazi ya figo ni kuchuja damu, kutoa taka kwa njia ya mkojo na kuhifadhi maji yaufaayo mwili. Zikishindwa, maji hupotea na taka hubaki zikiutia mwili sumu. Mbwa wengine huzaliwa na figo zisizokamilika; wengine huharibiwa na sumu, au na dawa za maumivu za binadamu walizopewa kwa nia njema; wengine huambukizwa homa ya mgunda, ienezwayo kwa mkojo wa panya na wanyama wengine. Mbwa wa namna hii hawezi kurudishiwa figo zake, lakini aweza kuongezewa siku za utulivu. Na mengi anayohitaji hayana gharama kubwa: maji safi wakati wote, chakula alichoelekeza daktari, dawa ya kuzuia kutapika, mahali pakavu pa kulala, na mtu wa kumwangalia.

Je, twawiwa naye hayo? Twasema ndiyo. Mbwa hakuja langoni petu kwa hiari yake. Sisi ndio tuliomtwaa kwa mama yake, tukamfungia uani, tukamziba njia ya kujitafutia riziki, tukamwachia ulinzi wa usiku ili sisi tulale. Aliyemnyima kiumbe uwezo wa kujitunza amejitwika kazi ya kumtunza, na deni hilo halifutiki siku mbwa anaposhindwa kubweka. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yamdai mwenye mnyama amtunze. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kuwa kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe.

Lakini Katekisimu hiyo hiyo yaongeza neno la pili: haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu ya watu. Hapa jirani yetu ana hoja. Binadamu ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na gharama zake huielemea familia nzima. Ingawa hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, si kila mgonjwa awezaye kuifikia huduma hiyo. Basi mzazi asiuze shamba kwa ajili ya mbwa, wala asiache ada ya mwanawe.

Hata hivyo, tujichunguze. Yule asemaye "watu kwanza", je, amekwisha kumtembelea mgonjwa wa mtaa wake? Mara nyingi shilingi aliyonyimwa mbwa haimfikii maskini. Hubaki mfukoni, au huishia kilabuni. Kumtaja maskini ili tupate kumnyima mbwa maji ni kuwakosea wote wawili.

Tena, kumtunza mnyama ni kuwatunza watu. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa homa ya mgunda imewapata watu 20 huko Ruangwa, mkoani Lindi, na 3 kati yao walifariki. Kwa hiyo anayemhudumia mbwa mwenye ugonjwa huo asiguse mkojo wake kwa mikono mitupu, awazuie watoto, afukuze panya, na amwulize daktari habari za chanjo kwa mbwa wengine.

Labda itafika siku ambapo maumivu yatazidi utulivu wote. Hapo si kosa kumwomba daktari wa mifugo amlaze mbwa asiamke tena. Kosa ni kumpa sumu, au kumtia guniani na kumtupa kando ya barabara. Watoto wakiuliza kwa nini bibi aliye mgonjwa hafanyiwi vivyo hivyo, wajibiwe wazi. Mnyama amewekwa chini ya mamlaka yetu, bali uhai wa binadamu si mali yetu. Mbwa huyajua maumivu ya saa ile tu. Bibi, hata akiwa kitandani, bado aweza kusamehe, kubariki na kungoja kwa matumaini. Kwake kazi yetu ni kumpunguzia maumivu na kukaa naye hata saa ya Mungu.

Basi, wazazi, msiwafukuze watoto wenu karibu na mbwa mgonjwa. Wafundisheni kujikinga, kisha waacheni wamjazie maji na kumtandikia gunia kavu. Ipo siku wao ndio watakaotushikia kikombe sisi.