Ndege Iliyokataliwa Mara Mbili

Je, mtu anaweza kukipenda kitu ambacho anashukuru hakikuwepo? Nilidhani ni swali la darasa la falsafa tu, mpaka lilipoanza kunigharimu pesa.

Kitu chenyewe ni Boeing 2707, ndege ya abiria ya Marekani iliyokusudiwa kwenda kasi kuliko sauti. Rais Kennedy aliutangaza mpango huo Juni 1963, na siku ya mwisho ya mwaka 1966 Boeing wakawashinda Lockheed na kupewa kazi. Ingebeba abiria karibu 300 kwa kasi ya mara 2.7 ya sauti. Mbawa zake zingefunguka wakati wa kupaa na kutua, halafu zirudishwe nyuma ikishafika juu. Mitambo ya kuzisogeza ikawa mizito mno, kwa hiyo mwaka 1968 wakaziacha na kuchora mbawa za pembetatu. Tarehe 24 Machi 1971 Seneti ikakataa kutoa pesa zaidi, kura 51 dhidi ya 46. Haikumalizwa kujengwa hata moja.

Nakusanya modeli za zamani za ndege, zile za plastiki za kuunganisha kwa gundi. Ninayo Boeing hiyo ya Revell, ya miaka ya 1960, vipande vyote bado vimeshikana kwenye fremu zake. Ina zile mbawa za mwanzo, yaani ni ndege iliyokataliwa mara mbili. Bei yake siitaji nyumbani. Kwa hela ile ningepata mbuzi, tena wa maana.

Mfano wake wa ukubwa kamili, ule waliouunda kiwandani kwa majaribio ya macho tu, uliuzwa ukaishia kwenye jumba la maonyesho Kissimmee, Florida. Baadaye kanisa likalinunua jumba hilo, na kwa miaka kadhaa waumini wakasali ndege ikiwa humohumo ndani. Watu huchekeshwa na habari hii. Mimi naishi Bujora, ambako Padri David Clement aliweka kanisa la umbo la msonge na makumbusho ya Wasukuma katika uwanja mmoja, kwa hiyo sioni cha kuchekesha hapo.

Sasa, kwa nini nashukuru haikuruka? Kwa sababu ya vishindo. Ndege ikipita kasi ya sauti huburuta nyuma yake mshindo kama wa radi, na mshindo huo hausikiki mara moja tu; unamfuata kila aliye chini, njia nzima. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliupima kwa wakazi wa Oklahoma City. Kwa miezi sita, karibu kila siku, ndege za kijeshi zilipita juu ya mji kwa kasi hiyo, jumla vishindo 1,253. Madirisha yalivunjika, malalamiko yakamiminika kwa maelfu. Mwishoni watu 27 katika kila 100 walisema wasingeweza kuizoea hali hiyo.

Namba hiyo ndiyo inayoninyima raha. Ukiwa na haraka utasema wengi wamekubali. Lakini wamekubali nini hasa? Hakuna aliyewauliza kama wangepanda. Wangevumilia ili mtu mwingine afike mapema, basi. Nikiwa soko la Kisesa huwa najaribu kuichora njia ya ndege ile juu yetu: mama anayemlaza mtoto, wavuvi wa dagaa ziwani na karabai zao usiku. Hakuna kati yetu ambaye angekuwa na tiketi. Hata Concorde, iliyofanikiwa kuruka, Desemba 1977 Malaysia iliikatalia kupita kwa kasi hiyo kwenye anga lake, na safari za London hadi Singapore zikakatika baada ya chache tu.

Rafiki yangu mmoja alinibana: unafurahi imekufa, halafu unailipia? Nilimpeleka makumbusho, kwenye ngoma na vitu vya watemi. Mimi sitaki kutawaliwa na mtemi, na utawala huo ulifutwa miaka ya mwanzo ya uhuru bila mimi kulia. Lakini banda lile likiungua nitalia. Kuhifadhi si kupiga kura.

Hakuridhika, na nadhani alikuwa na hoja. Mtemi alitawala kweli, kuna wazee wanaoweza kusimulia mazuri yake na mabaya yake. Ndege hii haina baya hata moja la kusimuliwa, maana haikumfikia mtu. Imebaki nzuri tu, iko kwenye mchoro wa kisanduku juu ya mawingu meupe, na chini ya mawingu hawakuchora mtu. Ukiitazama sana unaanza kuitamani kesho ambayo wewe mwenyewe ungekuwa chini yake umeziba masikio.

Ninayo pia modeli ya VC10. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na Super VC10 tano, na ile yenye usajili wetu, 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Shirika lilikufa mwaka 1977, na ndege hiyo ikaishia jeshi la anga la Uingereza, ikijaza wenzake mafuta angani hadi 2013. Ile haikukataliwa na kura yoyote. Nchi tatu zilishindwa kuelewana. Huwa nafikiri Wamarekani wale angalau walibishana hadharani, kila mmoja akaweka jina lake upande mmoja.

Ndiyo maana niliandika kwa kalamu ya wino ubavuni mwa kisanduku: 51–46. Wakusanyaji wenzangu wamesikitika sana, wanasema nimeishusha thamani karibu nusu. Sawa.

Mtoto wa kaka yangu aliiona akauliza, "Shangazi, hiyo ni mechi gani?" Nikamwambia hajakosea sana. Mwaka 1967 Seattle, mji wa Boeing, walianzisha timu ya mpira wa kikapu wakaiita SuperSonics, kwa ajili ya ndege hii. Mwaka 2008 timu ilihamishiwa Oklahoma City, mji uleule wa vishindo, na huko wakaibadilisha jina. Sasa inaitwa Thunder, yaani Radi.