Ugenini Nako Kuna Maisha

Familia inapohamia Berlin kwa miaka michache ya masomo, ratiba hubadilika ghafla. Jumapili maduka mengi hufungwa, hivyo unga na maziwa hununuliwa Jumamosi. Katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa 10 alasiri. Watoto huzoea haraka, maana shule huwapa lugha na marafiki. Naye mzazi anayesoma ana chuo chake. Lakini mwenzi aliyeacha kazi nyumbani hushinda peke yake.

Ndugu yangu uliye masomoni ugenini, leo umuulize mwenzi wako kwanza hali yake, kabla ya kuuliza chakula. Mtafutie darasa la lugha, mjulishe kwa majirani. Miaka ya ugenini ni sehemu ya umri wenu, iishini pamoja.