Sahihi Haimpi Mtoto Pumzi

Wanangu mnaosomea uuguzi, ukunga na utabibu, mimi nimestaafu, lakini bado huitwa wodini mara kwa mara kuwaangalia wanafunzi. Kuna jambo linanikera, nami sitalifunika kwa maneno laini. Wengi wenu mnakimbiza sahihi. Kitabu cha mazoezi kinadai idadi ya mama uliowazalisha, kanula ulizoweka, mipira ya mkojo uliyoingiza, na mbele ya kila zoezi pana nafasi ya msimamizi kutia sahihi. Wiki ya mwisho ya mafunzo kwa vitendo ikifika, aliyesimama mlangoni mwenzake akizalisha naye anaandika kuwa kazalisha. Muuguzi wa zamu, kachoka na anawaonea huruma, anasaini kurasa nzima kwa mkupuo mmoja. Kila mtu anaondoka ameridhika. Lakini huo ni uongo, na atakayeulipia hayupo hapo. Ni mama atakayefika usiku kwenye zahanati ya mbali na kukukuta uko peke yako.

Maana huko ndiko wengi mtakakopangiwa. Daktari hayupo, gari la wagonjwa liko wilayani, na mama hatakuuliza ulipata alama gani. Atakushika mkono na kukuita "nesi" au "daktari", basi. Utakachokuwa nacho saa ile ni kile ambacho mikono yako imekifanya kweli na akili yako imekitafakari.

Niwape mfano wa hapa hapa nyumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ni miongoni mwa hospitali zetu zilizotangulia kupokea mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mafunzo yale yamejengwa juu ya dakika ya kwanza ya uhai, wanayoiita dakika ya dhahabu. Mtoto akizaliwa asilie, mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa ikihitajika, na kabla dakika haijaisha, kama bado hapumui, uwe umeanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walifundishwa kwa siku moja. Walipopimwa baadaye kwenye mdoli wa mazoezi, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Watafiti hawakuishia hapo. Waliingia chumba cha kujifungulia, wakawatazama wakihudumia watoto wenyewe. Huko hawakuona badiliko. Ujuzi ulikuwa umebaki kwenye mdoli.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na ningependa kila chuo kiyasome kwa sauti siku ya kwanza ya muhula. Wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa watu wazima wenye kazi yao, waliofundishwa vizuri, na bado semina ya siku moja haikuvuka mlango wa leba. Heshima yangu kwa Haydom ni kwamba hawakuyaficha. Mdoli uliwekwa karibu na kazi ilipo, wahudumu wakawa wanafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, humo humo wodini, mara kwa mara bila kuchoka. Taarifa iliyofuata, ya mwaka 2015, ilionyesha kuwa watoto wengi zaidi walisisimuliwa kwa kusuguliwa, waliohitaji kupuliziwa hewa walipungua, na vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua pia. Dakika tatu hadi tano kwa wiki.

Sasa nikuulize wewe unayesaini kitabu cha uongo: kama mkunga aliyefundishwa kwa haki siku nzima bado alihitaji kurudia kila wiki, wewe uliyetazama kwa mbali utafanya nini?

Njooni kwenye chati ya vipimo, maana huko ndiko tabia hii inakoanzia. Pita kitanda hadi kitanda, usome safu ya upumuaji. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Wodi nzima inapumua kwa kipimo kimoja! Nimesimama kando ya mzee aliyekaa ameinama mbele, viganja vimekaza magotini, ngozi ya juu ya mtulinga inadidimia kila avutapo pumzi, na chati yake ya asubuhi ile ile imeandikwa ishirini. Aliyeandika hakuwa na chuki na mzee. Aliiga safu ya jana, kwa sababu kuhesabu kifua dakika nzima kunachosha na hakuna anayekagua. Na huyo huyo kesho ataletewa mtoto anayekohoa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Kwenye zahanati isiyo na eksirei, hesabu hiyo ndiyo inayokuonyesha nimonia. Ukishazoea kuibuni, umejipofusha mwenyewe.

Tiba yake ni daftari, lakini si lile la kupeleka kwa mkufunzi. Huenda darasani mmeonyeshwa mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita za kulitafakari tukio. Ni mzuri, nao ukikuelea utumie. Ila najua zamu ya usiku ikiisha hutakuwa na nguvu ya hatua sita. Andika mistari michache kabla hujalala. Mwanafunzi mmoja aliniruhusu nisome ukurasa wake, na kwa idhini yake nanukuu:

"Bibi mwenye kisukari. Kanula. Nimechoma mara tatu. Mara mbili za kwanza sikusubiri mshipa ujae. Bibi alisema, mjukuu wangu unaniumiza, nikaona aibu nikaharakisha zaidi. Sista wa zamu aliuweka mkono kwenye kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akauteremsha chini ya usawa wa kitanda, akaongea na bibi habari za shamba, mshipa ukajitokeza. Kesho: niuteremshe mkono kwanza, nisubiri. Nikikosa mara ya pili, nimwite mwenzangu."

Tazameni palipo na uzito. Darasani mngejadili mshipa, lakini kilichoiharibu kazi ni aibu: bibi alilalamika, mwanafunzi akaharakisha. Kitabu cha mazoezi hakina nafasi ya kuandika hilo. Angeandika tu "kanula, imefanyika", akasainiwa, na kesho yake angemchoma bibi mwingine kwa haraka ile ile. Kwa kuwa aliliandika, amejua adui yake yuko wapi. Na neno "kesho" lisikose kamwe. Ukurasa unaoishia kwenye majuto haumsaidii mgonjwa wa pili.

Jina la mgonjwa lisiingie humo, wala namba ya faili, wala kijiji chake. Andika "bibi", "mama wa uzazi wa tatu", inatosha. Na picha za wodini ziacheni. Nimeona kidonda cha mtu kwenye simu ya mwanafunzi, kimepita makundi manne ya WhatsApp kwa jina la kujifunza. Kidonda kile ni mwili wa mtu aliyewaamini.

Jambo jingine ni woga wa kusema. Mnanyamaza mkiona kosa kwa kuwa mkubwa ndiye anayelifanya. Naelewa, maana wodi zetu zina wakubwa wanaomfokea mwanafunzi mbele ya wagonjwa, na hao nawaambia wazi kuwa wanawafundisha vijana kuficha makosa. Lakini kumbukeni Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008, lilichagua hospitali nane duniani, zikiwamo za London, Toronto na Seattle, na mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Orodha ina mambo 19. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mojawapo ya mambo hayo ni kwamba kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake. Katika hospitali zile nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kutajana majina peke yake hakukuleta hayo yote, lakini mimi naamini mtu aliyekwishatoa sauti yake mara moja humudu kuitoa tena anapoona damu haijaandaliwa.

Basi mkiingia zamu, jitambulisheni hata kama hamjaulizwa: "Shikamoo sista, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, hili nimelifanya mara mbili nikisimamiwa, hili sijawahi." Muuguzi mwenye akili atakupenda kwa sentensi hiyo. Asiyekupenda, angalau amejua asikuachie mgonjwa peke yako. Na asiwadanganye mtu kwamba anayeuliza sana ataonekana hajui. Mwanafunzi asiyeuliza chochote zamu nzima ndiye ninayemfuata nyuma.

Nawaomba jambo moja la wiki hii. Mkifika leba, ulizeni mdoli uko wapi. Mara nyingi umefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu aliye likizo. Utafuteni ufunguo huo. Mkimaliza kukabidhiana zamu, mwombeni mkunga mmoja awasimamie dakika tano, kila mmoja ampulizie hewa mdoli hadi kifua kiinuke, na asiyeweza arudie. Halafu fungueni vitabu vyenu vya mazoezi, na kila mstari ambao hamkuufanya kwa mikono yenu, mkaufute mbele ya aliyesaini.