TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: BIASHARA MOJA, HESABU NGAPI?



Ndugu zangu katika imani, baba zangu, mama zangu na vijana wetu wa biashara, kumi la rehema limeshatupita, tumo ndani ya kumi la maghufira. Mwenyezi Mungu atukubalie tulichotanguliza.

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo mimbarini hatuligusi sana: kodi na sheria za biashara. Najua wapo ambao hapo hapo wameshanuna. Subirini kidogo, someni mpaka mwisho, halafu mnune vizuri.

Tazameni hali yetu. Mtu akienda kuomba mkopo, mauzo yake ni makubwa, duka linatembea, mzigo unaisha kila wiki. Akija mtu wa TRA, duka lile lile limekufa, wateja hakuna, mtaji umekata. Ikifika Ramadhani akaulizwa zaka, hapo hana hesabu kabisa: "Mimi natoa tu elfu hamsini yangu kila mwaka." Biashara moja, mwenyewe mmoja, hesabu tatu! Sasa ipi ni ya kweli? Na malaika wawili wale wameandika ipi?

Saumu inatufundisha hapa hapa. Saa nane mchana, jua kali, uko peke yako stoo na maboksi ya maji. Ukinywa nani atajua? Lakini hunywi, kwa sababu unajua Mola wako anakuona. Basi huyo anayekuona pale stoo ndiye huyo huyo anayekuona unapoandika daftari.

*"Lakini sheikh, kodi si maks?"*

Swali hili naulizwa sana, na si swali la kipuuzi. Ni kweli hadithi zimekuja na onyo kali juu ya maks, yaani ushuru wa dhulma. Maulamaa wamelichambua suala hili. Imam Ghazali katika Al-Mustasfa, na Imam Shatibi katika Al-I'tisam, wameeleza kuwa hazina ya umma ikiwa haitoshi na haja ni ya kweli, kiongozi anaweza kuwatoza wenye uwezo kiasi cha kukidhi haja hiyo, kwa uadilifu. Wako maulamaa waliobana zaidi, na khilafu hiyo ipo, siifichi.

Lakini hata ukiegemea kauli ya waliobana, nionyeshe ni kauli ipi inayokuhalalishia kusaini fomu ya uongo? Au kuandika risiti ya elfu kumi kwa mzigo wa laki moja? Au kumpa mtu rushwa? Ulipochukua leseni ya halmashauri na namba ya TIN, uliingia katika makubaliano. Aya ya kwanza ya Surat Al-Maidah inaanza kwa kutuamrisha tutimize ahadi. Ukiona sheria ni mbaya, isemee: kwenye jumuiya za wafanyabiashara, kwa diwani, kwa mbunge. Kusema ni haki yako. Uongo haujawahi kuwa haki ya mtu.

*Pesa ambayo si yako*

Kuna jambo jingine ambalo halina hata mjadala. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anamtoza mteja kodi hiyo. Ile pesa haikutoka mfukoni mwake, ametoa mteja ili ifike serikalini. Akibaki nayo, amekula amana. Mfano wake ni mtu uliyempa hela ampelekee mama yako kijijini, akanunulia mbuzi wake.

Na mwajiri ni hivyo hivyo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Sasa wewe umemkata kijana kila mwezi, hukupeleka. Siku akiugua au akiacha kazi, anakwenda kuuliza, anaambiwa jina lake halina mchango. Mtume (s.a.w.) ametufikishia kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akamfanyisha kazi, kisha asimpe ujira wake. Nani atasimama kumtetea mtu huyo?

Na sisi wanunuzi tusijifiche. Ukifika dukani ukaulizwa, "Unataka bei ya risiti au bila risiti?", ukachagua bila risiti, umeshirikiana. Sheria ya nchi inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Tunanunua kanzu na baibui za Idi kwa mtindo huu, halafu tunazivaa kwenda kuswali.

*Anayeandika analipa kidogo*

Wengi wanakimbia kwa sababu ya hofu, na hofu yenyewe ni ya kutojua. Nitawapa mfano kwa viwango vya TRA vya wafanyabiashara wadogo huku Bara.

Ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4, kodi yake ya mapato ni sifuri. Mauzo yakizidi milioni 4 mpaka milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu.

Sasa chukua mama anayeuza vitumbua na chapati. Anauza 18,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni 5,400,000. Kama haandiki, kodi ni 100,000. Kama anaandika, tunachukua ile 1,400,000 iliyozidi, asilimia 3 yake ni 42,000. Tofauti ni 58,000, kwa sababu ya daftari la buku mbili na kalamu! Na kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu ya kwanza mwisho wake ni Machi 31.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Surat Al-Baqara, na inahusu nini? Kuandika madeni, yawe madogo au makubwa, na kuweka mashahidi. Aya ndefu kuliko zote inahusu daftari! Sisi bado tunafanya hesabu kwa kichwa.

(Viwango hubadilishwa kwenye bajeti, kwa hiyo pita ofisi ya TRA ya wilaya yako kabla ya kulipa. Kuuliza ni bure, na TIN yenyewe hutolewa bure.)

*Ukikadiriwa kuliko uwezo wako*

Na dhulma ipo, tusidanganyane. Mtu anakadiriwa kodi inayomzidi, anachanganyikiwa. Hapo ndipo shetani anapopata mlango: "Tuyamalize hapa hapa, toa ya chai." Usitoe. Surat Al-Baqara, aya ya 188, imekataza kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa wenye mamlaka ili kula haki za watu. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ibn Lutbiyya kukusanya sadaka, akarudi akigawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi, Mtume alisimama mimbarini akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Maafisa wa serikali mliomo humu kwenye kundi, hadithi hiyo ni yenu. Mkadirieni mtu kama mtakavyopenda mkadiriwe.

Njia ya halali ipo. Una siku 30 tangu upokee makadirio kuandika pingamizi kwa Kamishna. Unatakiwa ulipe kile usichobishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa, na ukiwa na sababu ya msingi unaweza kuomba upunguziwe. Usiporidhika, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza. Lakini utapinga kwa ushahidi gani kama huna daftari?

*Na zaka je?*

Kodi si zaka, na zaka si kodi. Kulipa TRA hakukuondolei zaka, kwa sababu zaka ni ibada, ina nia yake, kiwango chake na watu wake wanane katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Kodi uliyokwisha kulipa haimo tena mkononi mwako, kwa hiyo hutaihesabu. Kilichobaki mwaka ukitimia, yaani bidhaa kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo pamoja na fedha taslimu, kikifika nisabu ya thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Na hilo nalo linataka daftari. Daftari lile lile, si la pili.

*Kazi ya leo*

1. Kabla ya kulala, andika mauzo ya leo tu. Kesho andika ya kesho. Usianze na ya mwaka mzima, utakata tamaa.
2. Kama unadaiwa kodi, mchango wa mfanyakazi au ujira wa mtu, iandike jumla yake, kisha nenda ukaombe kulipa kidogo kidogo. Deni unalolikabili lina mwisho.
3. Leo ukinunua futari dukani, dai risiti.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Barikia kidogo chetu kilicho safi. Wape viongozi wetu uadilifu na hofu yako katika mali za umma. Utukutanishe na hesabu zetu hali ya kuwa zimenyooka. Aamin.

Mwenye swali la zaka ya duka lake aje baada ya Alasiri, na aje na daftari.

Wabillahi tawfiiq.